Ndizi, Chungwa, na Asubuhi Iliyofuata



Kila mara mazungumzo ya Katiba mpya yanapofika katika jumuiya zetu ndogo ndogo hapa Mafiga, husimama mtu mmoja, aghalabu mzee mwenye busara na heshima zake, akasema: jamani, kura ya maoni ni moto, watazameni Wakenya. Wengine huitikia kwa vichwa, na mazungumzo hugeukia michango ya ujenzi. Tumelisikia neno hilo mara nyingi kiasi kwamba hatukuona vema kuliacha lipite tena bila kulipima. Sisi tunaamini kwamba majirani zetu waliungua kwa sababu ya namna jibu lao lilivyopokelewa na wale waliowauliza, na kwamba kule kuulizwa kwenyewe kulikuwa jambo jema. Anayechanganya mambo haya mawili ataogopa asichopaswa kuogopa, na kinachopaswa kuogopwa kitamkuta amelala.

Vijana wetu wengi wa VIWAWA walikuwa bado wachanga mambo hayo yalipotukia, na wengine hawakuwa wamezaliwa. Basi turudi nyuma kidogo.

Mnamo Desemba 2002 muungano wa vyama ulioitwa NARC uliiondoa KANU madarakani, baada ya chama hicho kutawala Kenya tangu uhuru wa mwaka 1963. Mwai Kibaki akawa Rais. Nyuma ya ushindi ule kulikuwa na makubaliano ya maandishi baina ya pande mbili za muungano kuhusu kugawana nafasi serikalini, pamoja na cheo cha Waziri Mkuu ambacho kilitarajiwa kuzaliwa na Katiba mpya. Upande wa Raila Odinga uliona kwamba makubaliano hayo yalizikwa mara tu baada ya kiapo. Wakati huohuo wajumbe kutoka nchi nzima walikuwa wakikutana Bomas, jijini Nairobi, katika mchakato ulioongozwa na Profesa Yash Pal Ghai, na mwezi Machi 2004 wakapitisha rasimu iliyopunguza mamlaka ya Rais na kumkabidhi Waziri Mkuu sehemu yake. Serikali haikuipenda rasimu hiyo. Mwaka uliofuata ilifanyiwa marekebisho, kwanza katika mkutano wa wabunge huko Kilifi, kisha mikononi mwa Mwanasheria Mkuu, Amos Wako, na mamlaka yaliyokuwa yameondoka Ikulu yakarudi Ikulu. Rasimu hiyo iliyorekebishwa ndiyo iliyopelekwa kwa wananchi ili waseme Ndiyo au Hapana.

Tume ya Uchaguzi, chini ya Samuel Kivuitu, ilitafuta alama ambazo hata asiyejua kusoma angezitambua. Waliosema Ndiyo wakapewa ndizi. Waliosema Hapana wakapewa chungwa. Lilikuwa wazo la huruma kwa wazee na wote ambao hawakupata bahati ya shule. Lakini ndani ya wiki chache matunda hayo yalimeza karatasi. Ilikuwa vigumu kumkuta mtu wa kukueleza ibara fulani inasema nini. Ilikuwa rahisi mno kumkuta wa kukueleza watu wa ndizi ni akina nani, walizaliwa upande gani wa nchi na wanakula nini. Katika kampeni watu kadhaa walipoteza maisha, wakiwamo waliopigwa risasi mjini Kisumu mwezi Oktoba. Swali lililoandikwa lilihusu mgawanyo wa madaraka, ardhi, mahakama na haki za raia. Swali lililojibiwa lilikuwa fupi zaidi: wewe u wa nani?

Siku ya kura, Novemba 21, 2005, watu walipanga foleni kwa utulivu. Hapana ilipata takriban asilimia 58, na Ndiyo takriban asilimia 42. Ukitazama ramani utaona jeraha: katika Mkoa wa Kati, nyumbani kwa Rais, zaidi ya watu tisa katika kila kumi walisema Ndiyo; katika Mkoa wa Nyanza, nyumbani kwa Odinga, karibu tisa katika kila kumi walisema Hapana. Hatudhani kwamba watu wa mkoa mmoja waliisoma rasimu kwa macho tofauti kabisa na wa mkoa mwingine. Yamkini wengi wa pande zote mbili hawakuisoma.

Na bado, ndugu zangu, hadi hapo Kenya ilikuwa imefanya jambo la kusifiwa. Hesabu ilikuwa safi, hakuna aliyeipinga. Rais aliyeshindwa na wananchi wake alijitokeza siku iliyofuata akayakubali matokeo bila kusingizia mtu. Ni marais wangapi wa Afrika tuliowahi kuwaona wakishindwa katika sanduku ambalo wao wenyewe waliliweka mezani, kisha wakasema basi, imekuwa? Laiti hadithi ingeishia pale, leo mzee wetu wa jumuiya angekuwa anaitumia kama mfano wa kuigwa.

Haikuishia pale. Novemba 23, siku mbili tu baada ya kura, Rais Kibaki alilivunja Baraza lote la Mawaziri, akawabakiza Makamu wake na Mwanasheria Mkuu. Baraza jipya lilipotangazwa mapema Desemba, wale waliokuwa wamesimama upande wa chungwa, Odinga na Kalonzo Musyoka miongoni mwao, hawakuwamo. Kwa sheria ya nchi Rais alikuwa na haki hiyo kamili, na wapo waliomtetea kwa kusema kwamba waziri anayeipinga Serikali yake hadharani amejifukuza mwenyewe. Hoja hiyo ina uzito wake, hatuidharau. Lakini itazameni kwa macho ya mkulima wa Nyanza au wa Bonde la Ufa. Ameulizwa, amejibu, jibu lake limetangazwa kuwa ndilo lililoshinda. Na kesho yake waliosema kama yeye wanatolewa mezani. Mtu huyo amefundishwa nini kuhusu kura?

Tulipoyasoma haya tulikumbuka habari mbili za Maandiko ambazo waamini wetu wanazifahamu. Ya kwanza ni ile ya mfalme Rehoboamu katika Kitabu cha Kwanza cha Wafalme, sura ya 12. Watu walimwendea wakiomba nira ya baba yake ipunguzwe. Wazee walimshauri awasikilize na kuwajibu kwa upole. Vijana wenzake wakamshauri aonyeshe ubavu. Alichagua ubavu, na makabila kumi yakaondoka, na Israeli haikuwa moja tena. Inapendeza kuona kwamba Maandiko hayawalaumu watu kwa kuuliza.

Ya pili twaipenda zaidi, kwa kuwa inatuhusu sisi kama Kanisa. Katika Matendo ya Mitume, sura ya 6, waamini wenye lugha ya Kiyunani walinung'unika kwamba wajane wao walisahauliwa katika mgawo wa kila siku. Hayo yalikuwa manung'uniko ya kikabila, tusiyapake sukari. Mitume wangeweza kuwaambia kwamba wanaharibu umoja. Badala yake waliiita jumuiya yote, wakaiambia ichague watu saba. Sasa yasomeni majina ya hao saba, kuanzia Stefano na Filipo hadi Nikolao: yote ni majina ya Kiyunani. Huduma ilikabidhiwa kwa upande uleule uliolalamika! Wataalamu wa Maandiko wameliona jambo hili tangu zamani, nasi tulifundishwa seminarini, lakini ni mara chache tumelisikia likihubiriwa mbele ya wenye madaraka. Mitume waliwaingiza walalamikaji ndani. Nairobi, mwaka 2005, waliwatoa nje.

Chungwa lililotolewa nje likaota mizizi. Kutoka katika kampeni ya Hapana kikazaliwa chama cha Orange, ODM, ambacho hata jina lake ni lile tunda la kwenye karatasi ya kura. Kambi mbili zilizopaswa kufa usiku wa matokeo ziliendelea kuishi, zikila na kulala kwa uhasama, hadi uchaguzi mkuu wa Desemba 27, 2007. Na hapa tunawaomba msimame kidogo pamoja nasi kwa Bwana Kivuitu, kwa maana habari yake yatufundisha kuliko hotuba nyingi. Mwenyekiti aliyesimamia kura ya 2005 ikaaminiwa na wote ndiye aliyesimamia uchaguzi wa 2007 usioaminiwa. Kati ya miaka hiyo miwili Rais aliteua makamishna wapya wa Tume bila kushauriana na upinzani, kinyume na mapatano ya kiungwana ambayo vyama vilikuwa vimeafikiana mwaka 1997. Mapatano yale hayakuwa sheria, yalikuwa desturi tu ya kuheshimiana. Mwanzoni mwa Januari 2008, nchi ikiwa tayari inawaka, mwenyekiti yuleyule aliwaambia waandishi wa habari kwamba hajui kama aliyemtangaza kweli alikuwa ameshinda.

Yaliyofuata mnayajua. Zaidi ya watu 1,100 waliuawa, na mamia ya maelfu wakakimbia makazi yao. Januari 1, 2008 kanisa la Kiambaa, karibu na Eldoret, lilichomwa moto likiwa na watu ndani, wengi wao wanawake na watoto. Padre mwenzetu, makamu gombera wa Seminari Kuu ya Tindinyo, aliuawa mwishoni mwa mwezi huo kwenye kizuizi cha barabarani, na vijana waliotaka kwanza kujua kabila lake. Mjini Eldoret, Askofu Cornelius Korir aliufungua uwanja wa kanisa lake kuu kwa maelfu ya wakimbizi wa kabila lisilokuwa lake. Kofi Annan alipatanisha, akiwa pamoja na Rais wetu mstaafu Benjamin Mkapa na Mama Graça Machel. Na Rais Jakaya Kikwete, aliyekuwa Mwenyekiti wa Umoja wa Afrika, alikuwapo Nairobi katika siku za mwisho hadi sahihi zilipotiwa Februari 28, 2008. Odinga akawa Waziri Mkuu. Cheo kilichokataliwa mwaka 2003 kwa kalamu kilipatikana mwaka 2008 kwa makaburi.

Hiyo ndiyo njia iliyotoka kwenye ndizi na chungwa hadi kwenye mapanga. Ina hatua nyingi, na katika kila hatua kulikuwa na mtu mwenye jina na cheo aliyeweza kugeuka.

Wakenya waliulizwa tena. Agosti 4, 2010, chini ya Tume mpya, walipiga kura juu ya rasimu nyingine, safari hii kwa rangi: kijani kwa Ndiyo, nyekundu kwa Hapana. Matunda yalikuwa yameshachafuka. Hapa tusiyakimbie yanayotugusa, kwa kuwa maaskofu wa Kanisa letu, wakiongozwa na Mwadhama John Kardinali Njue, walikuwa upande wa nyekundu pamoja na makanisa mengine mengi. Walipinga maneno ya ibara ya 26 kuhusu utoaji mimba, na viongozi wengi wa Kikristo walipinga pia Mahakama za Kadhi kuwamo ndani ya Katiba. Juni 13 mabomu yalirushwa katika mkutano wa sala na kampeni ya Hapana kwenye bustani ya Uhuru, na watu sita wakafa. Hata hivyo, Ndiyo ilishinda kwa takriban asilimia 67.

Katika nchi yenye Wakristo wengi namna ile, hesabu ni rahisi: mamilioni ya Wakristo, Wakatoliki wakiwamo, walisikia mafundisho ya wachungaji wao na bado wakapiga kura ya kijani. Je, walikuwa waasi? Sisi hatusemi hivyo. Wengi wao waliona kwamba nchi iliyotoka kuzika watu 1,100 ilihitaji Katiba inayogawa madaraka, na kwamba kasoro za rasimu zingerekebishwa baadaye. Maaskofu nao, matokeo yalipotoka, walitamka kwamba wanauheshimu uamuzi wa wananchi, wakaongeza kwamba ukweli wa kimaadili haupimwi kwa wingi wa kura, na kwamba wataendelea kuudai. Kwa maoni yetu hayo ndiyo maneno bora kabisa yaliyosemwa na mtu aliyeshindwa katika mwaka ule. Hawakuikana kweli yao, wala hawakuikana kura ya watu.

Kuhusu wingi wa kura, padre yeyote atakukumbusha Yesu na Baraba. Pilato aliweka majina mawili mbele ya umati, akauliza, akapata jibu, akanawa mikono. Ni mfano mzuri wa kuonyesha kwamba umati unaweza kukosea vibaya. Lakini Injili ya Marko, sura ya 15, yataja pia ni nani waliopita kati ya watu wakiwachochea wamtake Baraba: walikuwa makuhani wakuu. Sisi tuliovaa stola tusiupite mstari huo kwa haraka.

Na sasa turudi nyumbani.

Sisi Watanzania nasi tulikaribia kuulizwa. Tume ya Mabadiliko ya Katiba chini ya Jaji Joseph Warioba ilizunguka nchi ikikusanya maoni, na Desemba 30, 2013 ikakabidhi rasimu yenye muundo wa serikali tatu. (Watu wa hapa walitaniana sana wakati ule kwamba serikali tatu ni jambo la Mafiga, maana chungu hakijapata kukaa juu ya figa mbili.) Bunge Maalumu lilianza Dodoma Februari 2014, likaja kuongozwa na Samuel Sitta, na makamu wake akiwa Samia Suluhu Hassan. Mwezi Aprili wajumbe wa UKAWA walitoka nje wasirudi. Waliobaki walirudisha serikali mbili na kuipitisha Katiba Inayopendekezwa Oktoba 2, 2014. Kura ya maoni ikapangwa kufanyika Aprili 30, 2015.

Mwezi Machi mwaka huo Jukwaa la Wakristo, ambamo Baraza la Maaskofu Katoliki limo pamoja na Jumuiya ya Kikristo na Baraza la Makanisa ya Kipentekoste, lilitoa tamko likiwataka waamini waisome Katiba ile kisha wapige kura ya Hapana. Sababu zilikuwa jinsi mchakato ulivyoendeshwa, na pia muswada wa kuitambua Mahakama ya Kadhi. Mwadhama Polycarp Kardinali Pengo alisema waziwazi kwamba waamini waachwe waamue wenyewe kwa dhamiri zao. Kiongozi mmoja wa kanisa jingine akamvunjia heshima hadharani kwa maneno ambayo hatuwezi kuyaandika katika ukurasa huu. Kwa majuma machache taifa zima liliwatazama wachungaji wakivutana, na huku mitaani kwetu, ambako Mwislamu na Mkristo hushiriki ukuta mmoja na kisima kimoja, ambako WAWATA hupika kwenye matanga ya jirani Mwislamu na jirani huleta pilau Krismasi, watu walianza kutazamana kwa namna mpya. Hatukuwa na ndizi wala chungwa. Tulikuwa tukielekea kwenye msalaba na mwezi. Wakenya walijibu swali la kabila badala ya swali la Katiba. Sisi tulikuwa karibu kujibu swali la dini.

Aprili 2, 2015 Tume ya Taifa ya Uchaguzi iliahirisha kura kwa sababu uandikishaji wa wapigakura kwa mashine mpya za kielektroniki haukuwa umekamilika. Wengi walishusha pumzi. Kura ile haikupigwa hadi leo tunapoandika.

Je, tuliokolewa? Mzee wetu wa jumuiya angesema ndiyo, na kwa majuma yale pengine ana haki. Lakini swali ambalo halijajibiwa halifi. Ndiyo yetu na Hapana yetu zilibaki matumboni mwetu bila kuhesabiwa, na kwa kuwa hazikuhesabiwa, kila upande uliendelea kuamini kwamba ndio wenye wengi. Hakuna aliyeshindwa, kwa hiyo hakuna aliyejifunza kushindwa. Miaka kumi baadaye, siku ya uchaguzi mkuu wa Oktoba 29, 2025 na siku zilizofuata, damu ilimwagika katika miji yetu wenyewe, intaneti ikazimwa, na zipo familia zilizozika watoto wao. Hatutaki kudai kwamba jambo moja limezaa jingine moja kwa moja. Sababu ni nyingi. Twasema tu kwamba wale waliozoea kutuambia tusiwe kama Kenya walidhani amani ni ukimya, na ukimya ule ulivunjika bila kura yoyote ya maoni kupigwa.

Milima yetu hii ya Uluguru inalijua jambo hili kitambo. Katika miaka ya 1950 serikali ya mkoloni iliamua kwamba Waluguru wachimbe matuta kwenye miteremko ili kuzuia mmomonyoko. Pengine nia ilikuwa njema. Udongo ulikuwa ukienda na maji kweli, na hata leo unakwenda. Lakini mwenye shamba hakuulizwa. Kazi ilikuwa nzito, udongo wenye rutuba ulifukiwa chini, na amri ilishuka kupitia watawala wa kienyeji ambao watu hawakuwa tena na imani nao. Mwaka 1955 ghasia zilizuka Matombo, mtu mmoja akauawa kwa risasi, na mradi ukaachwa. Hakukuwa na sanduku la kura, kwa hiyo Hapana ilisemwa kwa mawe na kujibiwa kwa bunduki. Wajukuu wa waliokuwapo wanasali nasi.

Kwa haki tutaje pia Zanzibar, ambako Julai 31, 2010, siku nne kabla ya kura ya Kenya, wananchi waliulizwa kama wanataka serikali ya umoja wa kitaifa, na thuluthi mbili wakakubali. Visiwa vile vilikuwa vimemwaga damu Januari 2001. Lakini kabla ya kura Rais Amani Karume na Maalim Seif Sharif Hamad walikwisha kukutana, Novemba 2009, wakashikana mikono, wakakubaliana kwanza wao. Kazi ngumu ilifanywa kabla ya karatasi kuchapwa, na uchaguzi wa Oktoba 2010 ulipita kwa amani ingawa tofauti ya kura ilikuwa ndogo mno. Kwamba uchaguzi wa 2015 ulifutwa na mapatano yakayumba ni habari nyingine, na yaonyesha tu kwamba mapatano huhitaji kulishwa kila siku kama mtoto.

Katika kampeni za mwaka 2025 Rais Samia Suluhu Hassan aliahidi kwamba mchakato wa Katiba mpya ungeanzishwa ndani ya siku 100 za kwanza. Siku moja, karibu au mbali, karatasi itafika Mafiga. Juzi mama mmoja wa jumuiya alituuliza bila kuzunguka: “Baba, siku hiyo mtatuambia tuchague nini?”

Tulimjibu kwamba hatutamwambia. Tunajua wapo mapadre wenzetu watakaotuona waoga, na tunawaheshimu. Mafundisho ya Kanisa juu ya uhai, ndoa, haki ya maskini, uhuru wa kuabudu, tutayafundisha bila kupunguza neno, na ikiwa ibara fulani inakwenda kinyume nayo tutaitaja kwa namba yake, hata kama hilo litamuudhi mkubwa. Lakini Katiba ina ibara mamia, na kuipima yote kwa pamoja, kasoro yake na faida yake, ni kazi ya mlei mwenye dhamiri iliyolelewa vizuri. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati juu ya Kanisa katika ulimwengu wa leo, namba 43, wakiri kwamba waamini wenye unyofu sawa wanaweza kutofautiana katika mambo ya namna hii, na kwamba hakuna anayeruhusiwa kujitwalia mamlaka ya Kanisa kwa ajili ya maoni yake mwenyewe. Padre naye ana maoni. Ana kura moja, na anaipiga katika foleni kama wengine.

Zaidi ya hayo, mwamini aliyeambiwa Hapana altareni hana sababu ya kumsikiliza jirani aliyeambiwa Ndiyo msikitini. Wote wawili wamekwisha kukatwa masikio. Tunataka mama yule aweze kukaa barazani na jirani yake Mwislamu wakaifungua ibara ya Mahakama ya Kadhi pamoja, amuulize anaogopa nini na anataka nini, naye aulizwe vivyo hivyo. Wakimaliza wapige kura tofauti, hakuna ubaya.

Na kwa wenye madaraka, kwa kuwa wapo wanaotusoma, tuna ombi moja ambalo halihusu karatasi bali asubuhi inayofuata. Kabla hamjatuuliza, tuambieni mtawafanya nini watakaosema kinyume chenu. Waziri atakayesema Hapana atabaki na kiti chake? Mtumishi wa umma, mwalimu wa shule ya kata, mwenyekiti wa mtaa, atabaki na kazi yake? Wilaya itakayokataa itapata barabara na maji kama iliyokubali? Kenya ya 2005 haikuyajibu maswali haya mapema, na jibu lililokuja Novemba 23 liliwashtua watu.

Katika ofisi ya parokia tumeweka nakala ya rasimu ya Tume ya Desemba 2013 na nakala ya Katiba Inayopendekezwa ya Oktoba 2014, ili jumuiya zianze kuzisoma mapema, kabla ya mtu yeyote kutuchagulia matunda au rangi. Tumependekeza waanze na sura ya muundo wa Muungano katika hati zote mbili, wazilinganishe. Jumuiya itakayozihitaji imwone katekista baada ya Misa ya kwanza. Zisomewe palepale ukumbini; nakala iliyoazimwa mwaka jana haijarudi hadi leo.